Nimepata kazi ya kudumu kiwandani, ila moyo bado uko kwenye kobalti. Nifanyeje?

Shikamoo Shangazi,

Naomba unifichie jina maana hii fani yetu ni ndogo, watu tunajuana. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nimesoma kemia mpaka PhD, na tangu nimalize nimebaki palepale kwenye maabara ya Profesa aliyenisimamia, kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Fani yangu ni inogeniki, yaani kemia ya metali na madini, upande wa kodineshini, yaani tunachukua ayoni ya metali, tunaizungushia molekuli zingine zinaitwa ligandi, halafu tunaangalia hicho kitu kipya, tunakiita kompleksi, kina tabia gani.

Mimi niko kwenye kobalti. Niruhusu nieleze kidogo maana bila hivyo hutaelewa kwa nini silali. Kobalti ikiwa na chaji tatu inazishika ligandi zake kwelikweli, haziachii ovyo. Ukiipa elektroni moja ikashuka kuwa chaji mbili, mshiko unalegea na ligandi zinaanza kuchomoka. Sasa uvimbe mwingi wa saratani ndani yake oksijeni ni kidogo, kwa hiyo kuna wazo ambalo watafiti wengi wanalifukuzia, kwamba uifunge dawa kwenye kobalti ya chaji tatu, izunguke mwilini imetulia, ikifika pale pasipo na oksijeni ya kutosha ndo ipokee elektroni na kuiachia dawa hapohapo. Kama mama anavyombeba mtoto mgongoni, hamteremshi njiani, anamteremsha wakifika.

Kwenye karatasi inapendeza sana Shangazi. Kwenye kichupa ni habari nyingine, zangu zinateremsha njiani. Naziacha usiku kwenye myeyusho wenye vitamini C, maana hata kwenye damu ipo, nikirudi asubuhi ule ukijani umeshakwisha, kumebaki waridi hafifu, najua hapo kobalti imeshuka na dawa imeshamwagika kabla ya wakati. Nabadilisha ligandi, naongeza kipande hiki, natoa kile, napima volti inayohitajika kuishusha kobalti, naona imesogea kidogo, narudi mwanzo. Ndo maisha yangu.

Sasa juzi kati hapa kuna moja imekaa. Imelala kwenye vitamini C na asubuhi nikaikuta kijani vilevile, nikadhani nimesahau kuweka, nikarudia, bado kijani. Na imetoa fuwele! Niliiyeyusha kwenye kiyeyushi kinachoitwa asetonitraili ndani ya kichupa, nikakisimamisha wazi ndani ya chupa kubwa yenye etha, kimiminika kinachokuwa mvuke upesi, nikafunika nikaiweka kona ambayo hakuna mtu anagongagonga meza. Mvuke wa etha unaingia polepole, ile kompleksi inashindwa kuendelea kuyeyuka, inaanza kujipanga. Nilivyochungulia kwenye hadubini nikakuta vipande bapa vya kijani, kingo zimenyooka, safi kabisa, nikalia pale pale maana kwenye familia hii ya kompleksi sikuwahi kupata zaidi ya unga. Hatuna mashine ya eksirei ya fuwele, tumezituma kwa wenzetu wa chuo kingine, kuna foleni.

Wiki hiyohiyo nikapigiwa simu na kiwanda kinachotengeneza virutubisho vya mimea. Niliomba kazi kwao zamani nikasahau. Wananitaka mkemia wa kudhibiti ubora, kazi ya kudumu, bima ya familia, mshahara zaidi ya mara mbili ya ninaopata. Kazi yenyewe ni kupima chuma, zinki na manganizi kwenye mbolea za maji, kuandika ripoti, kesho tena hivyohivyo. Wanataka jibu mwisho wa mwezi.

Profesa naye anasema mkataba wangu anaweza kuuongeza mwaka mmoja, ila hela iliyopo ni ya zile fremu zenye vitundu, za metali na ligandi, zilizopata Nobel mwaka 2025. Kwa hiyo nihamie huko, kobalti niwe naifanya jioni jioni. Yeye anakaribia kustaafu na siku zote ananiambia "mwanangu, hii maabara nakuachia wewe". Nilipomgusia habari ya kiwanda alinyamaza muda, kisha akasema, kwa hiyo ndo tumesomesha watu waje wapime mbolea. Ilinichoma sana maana yule ni baba kwangu, nilipofiwa na mzee wangu yeye ndo alinishika mkono.

Kingine ambacho sijawahi kumwambia mtu, pepa yetu iliyopita kompleksi zote nilitengeneza mimi, lakini jina la kwanza likawekwa la mtu aliyeingia mwishoni akafanya vipimo vya seli. Sikusema kitu.

Mume wangu nikimuuliza anajibu "amua wewe, mimi nipo". Mama yangu anawaambia watu wote mwanangu anatafuta dawa ya saratani, sasa nitamwambiaje kwamba napima mbolea? Nikiondoka nitakuwa nimeitupa miaka yote hii? Nikibaki, si nitakuwa namuumiza mtoto kwa sababu ya kitu cha kijani kwenye kichupa? Nisaidie Shangazi, mimi ni mwoga au ni mbishi tu?

Mama wa Kobalti

*

Marahaba mwanangu, Mama wa Kobalti,

Barua yako nimeisoma, nikaiacha, nikairudia. Kabla sijakaa kwenye safu hii nilifundisha kemia, kwa hiyo habari ya mtu kuchungulia hadubini akakuta fuwele badala ya unga hunihitaji kunieleza mara mbili. Hongera. Kabla ya mengine yote, hongera, maana kwenye barua nzima sijaona mahali ambapo mtu amekupa hiyo hongera.

Ngoja nikurudishie nilivyokuelewa, nikikosea utanisahihisha. Una kazi unayoipenda ambayo haikupi uhakika wa mwaka kesho, na kazi ya uhakika ambayo huioni kama ni yako. Katikati yuko mzee unayemheshimu kama baba, na ameshakuonyesha atakavyoumia. Na mambo yote yamekuja wiki moja, wakati ile kompleksi ndo kwanza imeanza kutii. Ingekuwa kiwanda wamepiga simu mwaka jana, kwenye zile asubuhi za waridi hafifu, nahisi ungeandika barua tofauti. Hilo halifanyi uamuzi wowote uwe sahihi au makosa, nataka tu ujue kwamba unaamua ukiwa kwenye joto la ushindi, na joto hilo lina nguvu.

Sasa kuna vitu umeviandika kama vile vimeshathibitishwa, mimi naomba tuvikague.

Cha kwanza ni kiwanda. Umesema kazi ni kupima chuma na zinki basi, na maneno ya Profesa yamekuganda. Lakini mwanangu, chuma kwenye mbolea ya maji kinakaaje bila kutuama chini kama kutu? Kinakaa kwa sababu kuna ligandi imekishika. Kuna ligandi inaitwa EDTA, ina sehemu zake sita za kushikia, kwenye udongo wenye asidi kidogo inafanya kazi vizuri, ukienda kwenye udongo wenye chokaa nyingi kalsiamu inaingia inagombea ile nafasi, chuma kinaachiwa, mmea unabaki na majani ya njano. Ndo maana kwenye udongo wa namna hiyo watu wanatumia ligandi nyingine, EDDHA, inayokishika chuma kwa nguvu zaidi hata alkali ikipanda. Sasa niambie, metali iliyobebwa na ligandi, isiachiwe njiani, ifike inapotakiwa, hilo swali hulijui? Ni swali lako lilelile, tofauti ni kwamba huku anayepokea ni mzizi na kule ni uvimbe.

Nisikudanganye hata hivyo. Inawezekana kabisa kazi yenyewe ikawa ni mashine, sampuli, ripoti, na hakuna mtu anakuuliza unafikiria nini. Kudhibiti ubora kwenye viwanda vingi kuko hivyo, na mtu aliyezoea kuuliza "kwa nini" anaweza kuchoka mapema sana. Wewe hujui ni ipi kati ya hizo mbili kwa sababu hujawauliza. Wapigie. Uliza kama wana kitengo cha kutengeneza bidhaa mpya, mkemia wa ubora akiona kitu cha ajabu anaruhusiwa kukifuatilia au anajaza fomu tu, na kwenye mkataba kuna kifungu gani kuhusu siri na kuchapisha. Hiki cha mwisho usikipuuze, kampuni zingine kila utakachokigundua ukiwa kwao ni mali yao, hata ukikigundua usiku kwenye daftari lako mwenyewe.

Cha pili, fuwele. Naogopa kidogo jinsi ulivyoipa matumaini, na nasema hivi kwa upendo. Eksirei itakuonyesha atomi zimekaa wapi kwenye kitu kigumu kilichopoozwa. Itakuambia dawa imeshikwa kwa atomi zipi, umbali wa kila bondi, kama kuna kiyeyushi kimejificha katikati. Haitakuambia kama kwenye damu itavumilia, maana kwenye damu kuna vitu vingi kuliko vitamini C, kuna glutathayoni, nayo inatoa elektroni kama vitamini C, kuna protini, halafu kuna swali ambalo hata wewe hujaligusa, kwamba ikiwa haishuki kwenye vitamini C, je itashuka kwenye uvimbe? Isije ikawa tumepata mama ambaye hamteremshi mtoto kabisa. Utalijibu ukilipima, na kupima kunataka muda ambao si wa jioni jioni. Kwa hiyo matokeo ya fuwele yakija kabla ya mwisho wa mwezi, yapokee kwa furaha, ila jiulize, yakiwa mazuri nitabaki kwa miaka mingine mingapi? Kama huna jibu, fuwele haikuwa ndiyo inayoamua.

Cha tatu ndo kirefu. Umeuliza kama utakuwa umeitupa miaka yote. Hapo naona umehesabu kompleksi moja iliyokaa, zile zingine zote ukaziita hasara. Mimi naziona tofauti. Una familia nzima ya kompleksi za kobalti, kila moja umepima volti yake, kila moja unajua imekaa muda gani kabla ya kuachia, na ligandi zinatofautiana kipande kimoja kimoja. Hilo jedwali peke yake ni pepa, mwanangu. Mtu wa mbali anayehangaika na kitu hichohicho atalishukuru sana.

Unamkumbuka Jørgensen, yule mkemia Mdenmaki? Alitengeneza kompleksi za kobalti na amonia kwa miaka mingi, kwa uangalifu wa hali ya juu, akawa anazieleza kwa nadharia ya minyororo, kwamba amonia zimeungana zenyewe kwa zenyewe kama mnyororo, ambayo baadaye iliangushwa. Aliyeiangusha ni Alfred Werner, mwaka 1893, kijana wa miaka 26, na alipoandika hoja yake alitegemea sana kompleksi na vipimo vya Jørgensen. Ile ya njano yenye amonia sita na klorini tatu, ukitia naitreti ya fedha klorini zote tatu zinatuama, ile ya zambarau yenye amonia tano zinatuama mbili tu, ya tatu imeng'ang'ania kwenye metali. Werner alipata Nobel mwaka 1913. Nadharia ya Jørgensen haikubaki, vipimo vyake vilibaki, na vilibaki kwa sababu alivichapisha. Vya kwako viko wapi? Kama viko kwenye daftari la maabara na kompyuta ya pale ofisini, basi hapo ndipo miaka inapoweza kupotea, iwe umeondoka au umebaki.

Ndo maana ile aya fupi kuhusu jina la kwanza kwenye pepa imenishtua kuliko ulivyokusudia. Umeiandika kwa haraka ukapita. Sijui upande wa pili wa ile habari, labda kuna sababu, vipimo vya seli navyo ni kazi kubwa. Lakini hukuuliza, na sasa kuna kompleksi nzuri kuliko zote, fuwele ziko njiani, mzee anastaafu. Nani ataiandika hiyo pepa? Hili halihitaji usubiri kuamua kuondoka au kubaki. Keti na Profesa wiki hii, mwambie Prof naomba tukubaliane kwa maandishi, pepa ya mfululizo mzima naiandika mimi, nani na nani watakuwemo, kwa mpangilio gani, na kama sitakuwepo hapa sampuli na data nitazifikiaje. Daftari ni mali ya maabara, usiondoke na kitu kwa kificho, omba ruhusa ya kubaki na nakala. Akikubali vizuri utakuwa umejua kitu kuhusu yeye. Akisitasita pia utakuwa umejua.

Tuje kwa Profesa mwenyewe. Aliyekushika mkono kwenye msiba hasahauliki, na sikuambii umsahau. Nauliza tu, ile "nakuachia maabara" ni ya kwake kuitoa? Nafasi yake akistaafu itatangazwa au itafungwa? Chuo kimeshasema lolote, au ni maneno ya mzee anayekupenda na anayeumia kuona kazi yake ya maisha haina mrithi? Haya yote yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Neno lake kuhusu mbolea lilikuwa kali, na mimi nahisi lilitoka kwenye hofu kuliko dharau, ila nimemsikia kupitia kwako tu. Muulize mkuu wa idara, kwa adabu, siyo kumsengenya mzee, ni kujua mustakabali wako.

Kuhusu zile fremu, naona umeziandika kama adhabu. Lakini ni kodineshini ileile, ayoni za metali zinaunganishwa na ligandi ndefu mpaka inajengeka nyumba yenye vyumba, na mikono iliyokaa miaka ikikuza fuwele za kobalti haianzi sifuri huko. Richard Robson, mmoja wa wale watatu wa Nobel ya 2025 pamoja na Kitagawa na Yaghi, wazo lilimjia mwaka 1974 akiandaa mifano ya mbao ya molekuli kwa ajili ya wanafunzi, ikapita zaidi ya miaka kumi kabla hajalijaribu, akachapisha 1989. Kwa hiyo kuliweka wazo pembeni siyo lazima kuliua. Ila tuseme ukweli wote, yeye alikuwa na kibarua cha uhakika chuoni wakati wazo likisubiri. Wewe una mwaka mmoja. Na uwanja huo sasa hivi umejaa watu wengi wenye mashine ambazo huna, ukiingia itabidi uwe na swali lako mwenyewe, usije ukawa mkono wa kumalizia hela ya mradi.

Njia ya kurudi nayo tuiseme. Ukienda kiwandani, kurudi kwenye utafiti wa chuo inawezekana lakini ni nyembamba, pepa zikikatika miaka kadhaa watu wanauliza. Kuna wanaobaki na mguu mmoja, wanaitwa watafiti wageni, wanasimamia mwanafunzi mmoja, wanaandika pepa za zamani wikendi. Inachosha ukiwa na mtoto mdogo na inahitaji kiwanda kikubali. Ukibaki, hatari ni hii unayoijua, mwaka unaisha, mzee hayupo, umri umesogea, na kiwanda hakipigi simu tena.

Mume wako. "Amua wewe, mimi nipo" ni maneno mazuri na pia yanamwacha mtu peke yake. Mwombe namba badala ya baraka. Tunaweza kuishi kwa mshahara huu mpaka lini? Ikitokea mwaka kesho hakuna mkataba tunafanya nini? Akikujibu haya mawili hofu yako itakuwa na ukubwa unaojulikana.

Na mama yako, mwache ajivunie. Ile dawa ya sisiplatini, kompleksi ya platini inayotibu saratani leo, mkemia Peyrone aliitengeneza miaka ya 1840 hajui kabisa itakuja kuwa dawa, Rosenberg na wenzake wakaona nguvu yake mwaka 1965 wakiwa wanachunguza umeme na bakteria, waya zao za platini zikawa zinatoa kitu kinachozuia seli kugawanyika, na Marekani wakaiidhinisha 1978. Mikono mingi sana imepita pale. Hakuna aliyekupa wewe peke yako jukumu la kuifikisha kobalti mpaka hospitali, na ukimweleza mama kwamba sasa unahakikisha mimea inapata chuma chake, nadhani atawaambia watu hilo pia.

Umeuliza kama ni mwoga au mbishi. Sioni lolote kati ya hayo mawili. Naona mtu ambaye sehemu ya vichupa ameiandika kwa pumzi ndefu, rangi zote zipo, na sehemu ya mshahara na bima ameiandika kwa sentensi mbili kama anaona aibu kuitaka. Usione aibu. Kutaka bima ya mtoto hakukupunguzii ukemia. Na pia usione aibu ukigundua kwamba kile cha kijani ndo unachokitaka hata kwa mshahara mdogo, watu wazima wanafanya hivyo na familia zao zikajua na zikakubali.

Kwa hiyo wiki hii una mazungumzo manne, Profesa kuhusu pepa, mkuu wa idara kuhusu nafasi, kiwanda kuhusu kazi halisi, na baba watoto kuhusu hesabu. Kiwanda waombe pia wakusogezee tarehe kidogo, wanaokutaka kweli mara nyingi hawakatai wiki mbili, na uombe uje uione maabara yao siku moja ya kazi ya kawaida. Fuwele zikitoka kabla hujaniandikia tena, niambie kobalti imeshikwa na nini.

Wako,
Shangazi